Wapeni Wanafunzi Wetu Kazi ya Chipu Mpya

Barua ya wazi kwa wakuu wa idara na walimu wa elektroniki na kompyuta katika Chuo Kikuu cha Kisii, Kisii National Polytechnic, Ekerubo Gietai na vyuo vyote vya ufundi vya kaunti za Kisii na Nyamira

MINT: KUKUBALI KAZI YA KUONGEZA CHIPU MPYA KATIKA PROGRAMU HURIA KUWA MRADI WA MWISHO WA MWANAFUNZI

Waheshimiwa walimu,

Mimi ni fundi wa elektroniki mjini Kisii. Wanafunzi wenu huja kwangu kwa mafunzo ya kazini, na baadhi yao hurudi baada ya kuhitimu wakitafuta kibarua. Nina ombi moja, nami nalitaja mapema ili msilitafute katikati ya maneno mengi. Mwanafunzi akichukua chipu ambayo programu huria za kuandikia chipu bado haziijui, akaifanyia kazi mpaka zikaijua, naomba kazi hiyo ikubaliwe kuwa mradi wake wa mwisho na isahihishwe kwa uzito ule ule wa mradi mwingine wowote.

Mnaijua radi ya kwetu. Wingu la alasiri likishajikusanya juu ya vilima vya Manga, wenye maduka huanza kuchomoa plagi, na asiyewahi huwa mteja wangu kesho yake. Huja na televisheni, king'amuzi, inveta ya sola, chaja, mizani ya dukani. Zamani kifaa kilichopigwa na radi kilikuwa kimeungua trafoma au transista mbili tatu, na fundi mwenye mita na chuma cha lehemu alikirudisha kazini siku hiyo hiyo. Sasa karibu kila bodi ina kompyuta ndogo nzima ndani ya chipu moja, ile tunayoiita maikrokontrola. Hiyo ikiungua, inaondoka na programu iliyokuwa imeandikwa ndani yake.

Chukueni bodi ya mashine ya kutotolesha vifaranga, ambayo wafugaji wa kuku kutoka Nyamira huniletea mara kwa mara. Nikiifungua nakuta trafoma nzima, rilei nzima, sensa ya joto nzima, na katikati chipu ya miguu ishirini ambayo mtengenezaji ameikwangua jina. Juu yake pana kitobo cheusi, na harufu yake peke yake inatosha kukueleza kilichotokea. Kazi ya chipu hiyo si kubwa. Inasoma joto, inawasha balbu likishuka chini ya nyuzi 37.5, inaizima likizidi, na inazungusha trei ya mayai kwa vipindi hadi siku ya 18, kisha inayaacha yatulie mpaka ya 21. Kijana wa mwaka wa pili aliyefundishwa vizuri anaweza kuiandika programu hiyo upya. Hata chipu ya awali ingekuwa hai isingenifaa kunakili, kwa sababu watengenezaji huifunga isisomeke. Njia iliyobaki ni kutia chipu mpya tupu na kuiandikia programu yetu wenyewe.

Hapo ndipo tunapokwama, wala hatukwami kwa kukosa chipu. Chipu zipo. Ukipiga simu Luthuli Avenue, Nairobi, asubuhi, jioni kifurushi kimeshashuka na matatu. Tunakwama kwa kuwa chipu ya bei nafuu iliyopo dukani mwaka huu siyo ile ya mwaka juzi, na programu ya kompyuta tunayoitegemea kuiandikia haijawahi kuisikia. Basi tunasubiri mtu wa mbali, asiyejua kwamba Keroka ipo, aiongeze kwa sababu zake mwenyewe. Akipenda, tunafanya kazi. Asipopenda, bodi inatupwa na mfugaji anaambiwa anunue mashine nyingine.

Programu ninayoizungumzia zaidi ni AVRDUDE. Kila mwanafunzi wenu aliyewahi kushika Arduino Uno ya kawaida ameitumia, ajue asijue, maana anapobonyeza kitufe cha kupakia ni AVRDUDE inayoitwa kupeleka programu yake kwenye chipu. Brian Dean aliiandika kwa ajili ya mfumo wa FreeBSD, akaiita AVRPROG. Watu walipoanza kuitaka kwenye Windows akaibadilisha jina, kwa kuwa kampuni ya Atmel tayari ilikuwa na programu yake yenye jina hilo. Joerg Wunsch akailea kwa miaka mingi, na leo wachangiaji wake wametawanyika duniani. Atmel yenyewe ilinunuliwa na Microchip mwaka 2016. AVRDUDE haikuuzwa pamoja nayo, kwa sababu haikuwa mali yake. Ipo chini ya leseni ya GPL: yeyote aweza kuichukua, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa, awe Ujerumani au Ogembo.

Ndani yake mna faili ndefu ya maandishi matupu iitwayo avrdude.conf. Humo kila chipu ina maelezo yake: jina, ukubwa wa kumbukumbu, ukubwa wa ukurasa mmoja wa kuandikia, fyuzi zake (biti za mipangilio), na sahihi ya baiti tatu iliyotiwa kiwandani. Sahihi ya ATmega328P, ile ya Uno, ni 1E 95 0F. Baiti ya kwanza inamtaja mtengenezaji, ya pili inaeleza ukubwa wa kumbukumbu, ya tatu ni ya chipu yenyewe. Kabla ya kuandika chochote AVRDUDE huiuliza chipu sahihi yake, na ikipewa isiyolingana na iliyoitarajia, hukataa kuendelea.

Kijana mmoja wa mafunzo ya kazini aliketi kwenye benchi langu na bodi ya Pro Mini ya bei rahisi. Alikuwa ameunganisha nyaya zote sita sawasawa. Programa, kifaa cha kuandikia chipu, ilituma baiti zake nne za kufungulia mazungumzo, AC 53 00 00, na chipu ikarudisha 53 katika nafasi ya tatu kama inavyotakiwa, kwa hiyo nyaya hazikuwa na kosa. Lakini sahihi iliyorudi ilikuwa 1E 95 16. Aliisoma mara mbili, akasema bodi ni feki, kisha akataka kutumia alama ya -F, ile inayoilazimisha AVRDUDE iandike hivyo hivyo. Nikampa lenzi asome maandishi yaliyo juu ya chipu. Ilikuwa ATmega328PB, ndugu yake mdogo, chipu halali kabisa, yenye siriali ya ziada, pini za ziada, na fyuzi moja iliyo na biti ambayo 328P haina. Tukaifungua avrdude.conf pamoja. Maelezo ya 328PB yapo humo, mafupi, yakianza kwa kurithi ya 328 kisha yakibadilisha jina, sahihi na machache mengine. Akabadilisha neno moja katika amri yake, na chipu ikaandikika.

Aliniuliza nani aliyeyaandika maelezo hayo. Nilimwambia ni mtu aliyekuwa na chipu mkononi na datashiti mbele yake, basi. Kijana alinyamaza muda, akaniuliza kama yeye anaruhusiwa. Swali hilo ndilo lililonifanya niwaandikie, kwa sababu jibu langu halitoshi. Linahitaji jibu lenu.

Kuongeza chipu moja ya ukoo unaojulikana ni ngazi ya chini. Microchip hutoa bure faili zinazoeleza kila chipu yake kwa utaratibu wa XML, na ndani ya AVRDUDE kuna zana ya kuzigeuza zikawa rasimu ya maelezo ya conf. Mwanafunzi huichukua rasimu hiyo, huilinganisha na datashiti mstari kwa mstari, kisha huithibitisha kwa chipu halisi: kusoma, kufuta, kuandika ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kugusa kila fyuzi na kuirudisha. Kuthibitisha ndiko kunakochukua siku nyingi, na ndiko kunakomkomaza. Kazi kubwa zaidi ni ukoo mpya mzima, na hapa naomba mnivumilie niingie ndani kidogo, kwa sababu nataka mwone kwamba siwaombei wanafunzi njia ya mkato.

Chipu za zamani za AVR, zile za Atmel ambazo AVRDUDE huziandikia, huandikwa kwa nyaya sita. Kuanzia chipu za ukoo wa ATtiny817 za mwaka 2016, na baadaye ATmega4809 iliyowekwa kwenye Arduino Nano Every, njia ikawa UPDI: waya mmoja wa data. Karibu kila kanuni ilibadilika. Mazungumzo sasa ni ya siriali, biti nane, pariti ya shufwa, biti mbili za kumalizia. Kila amri hutanguliwa na baiti 55. Chipu haikubali kuandikwa mpaka itumiwe ufunguo wa herufi nane, NVMProg pamoja na nafasi tupu mwishoni, na ukiisahau nafasi hiyo utakaa usiku kucha ukishangaa. Hata ndani ya UPDI yenyewe mambo hayafanani. Kwenye tinyAVR, ukoo wa ATtiny817, data hutangulia kuwekwa katika bafa ya ukurasa, ndipo amri ya kufuta na kuandika itolewe. Kwenye koo za AVR DA na DB amri hutangulia, data hufuata, na anwani zimerefuka kutoka biti 16 hadi 24. Ndiyo maana msimbo wa AVRDUDE una faili yake kwa kila toleo la kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya chipu. Dawid Buchwald ndiye aliyeiandikia AVRDUDE njia ya kuzungumza UPDI kupitia siriali ya kawaida, ikaingia katika toleo la 7.0 mwaka 2022, akijengea juu ya msimbo ambao Microchip ilikuwa imeshauweka wazi. Tangu hapo adapta ya USB ya CH340 na rezista moja vinatosha. Mimi huku Kisii natumia kazi ya mtu huyo kila wiki na sijamlipa hata senti.

Walimu mnaotumia 8051 darasani mna mfano ulio karibu zaidi. Vitabu vinaeleza AT89S52 ya Atmel, lakini inayopatikana dukani kwa bei ya mwanafunzi ni STC89C52 ya Kichina. Kiini chao ni kimoja, ila namna ya kuiandika STC ni tofauti kabisa, na programu ya kampuni yenyewe ni ya Windows. Grigori Goronzy akaandika stcgal, programu huria kwa lugha ya Python, lugha ambayo wanafunzi wenu wa kompyuta wanaijua. Ukitaka kuielewa kazi hiyo, itazame chipu ikiamka. Kompyuta hutuma baiti 7F mfululizo bila kuchoka. Wewe unakata umeme wa chipu na kuurudisha. Chipu, kabla haijaanza kazi yake ya kawaida, husikiliza kwa muda mfupi sana, na ikisikia 7F hujibu kwa pakiti inayoanza na 46 B9 na kuishia na 16, ndani yake mkiwa na utambulisho wake na mipangilio yake. Kila ukoo, STC89, STC12, STC15, STC8, una lahaja yake ya mazungumzo hayo. Lahaja hizo zilijulikana kwa kuyasikiliza mazungumzo ya programu ya kampuni na chipu yake, baiti kwa baiti, na kuyaandika. Adapta mbili za USB na subira zinatosha kufanya hivyo katika maabara yoyote ya kaunti zetu mbili.

Nimehudhuria maonyesho ya miradi ya wanafunzi, nami nawaheshimu waliosimama pale na vifaa vyao. Lakini walimu wangu, mnaona nyinyi pia kwamba miradi inajirudia. Pipa la taka linalojifungua. Mlango wa alama ya kidole. Bomba linalomwagilia shamba lenyewe. Kengele ya gesi. Mwanafunzi hununua moduli, hupakua maktaba zilizoandikwa na wengine, huziunganisha, hupata alama zake, kisha bodi huingia kabatini na nyaya zikatolewa zitumiwe na wa mwaka unaofuata. Sisemi kazi hizo hazina maana. Nasema mwanafunzi anaweza kuzimaliza bila kuifungua datashiti hata mara moja, na nikimpokea kwenye benchi mwaka unaofuata namwona wazi kwamba hakuifungua.

Mradi wa chipu mpya haumwachii nafasi hiyo. Hakuna maktaba ya kupakua, kwa kuwa maktaba ndiyo anayoiandika. Atasoma datashiti kwa sababu hana pengine pa kusoma. Atajifunza git, kwa kuwa bila git hakuna atakayeipokea kazi yake. Ataandika maelezo ya mabadiliko yake kwa lugha ambayo mgeni ataielewa. Na atasahihishwa na watu wasiomjua yeye wala baba yake: walezi wa programu husoma kila mstari, huuliza kwa nini hapa umeweka 128 na si 64, hudai ushahidi kwamba umejaribu kwenye chipu halisi, na hukurudishia kazi mpaka itakapokuwa sawa. Katika fani yetu sijui usahihishaji mwingine mkali kuliko huo unaotolewa bila malipo. Kazi ikikubaliwa, jina lake linabaki katika kumbukumbu za msimbo, na mwajiri wa Nairobi au wa nje anaweza kuisoma kazi yenyewe, si cheti tu.

Mtu akiniambia kwamba haya ni mambo ya kampuni kubwa wala si ya mwanafunzi, namwelekeza kwenye OpenOCD, programu inayotumiwa leo kuandika na kuchunguza chipu za ARM na RISC-V kote duniani, viwandani na vyuoni. Dominic Rath aliianzisha mwaka 2005 kama tasnifu yake ya diploma katika chuo cha sayansi tumizi cha Augsburg, Ujerumani. Chuo kikaikubali kuwa kazi ya mwanafunzi. Wiring, msingi ambao Arduino ilijengwa juu yake, ilikuwa tasnifu ya Hernando Barragán wa Colombia alipokuwa mwanafunzi Ivrea, Italia. Mwalimu wa Augsburg na mwalimu wa Ivrea walifanya jambo moja ambalo lipo katika uwezo wenu leo: walisema ndiyo.

Wazee wetu walichanga kwa harambee ili Gusii Institute of Technology isimame, ile ambayo leo ni Kisii National Polytechnic. Mama aliuza ndizi, mzee akatoa pesa ya majani chai. Walitaka watoto wao wajifunze ufundi unaojisimamia. Kule Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, sasa pana kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited, na serikali inazungumza kuhusu chipu kwa matumaini. Gusii hatuna kiwanda cha namna hiyo, lakini kazi ninayoieleza haihitaji kiwanda. Inahitaji laptopu iliyo na Linux, adapta ya USB, chipu za kujaribia na mtandao. Chipu ya CH32V003 ya kampuni ya WCH ilipotangazwa mwaka 2022 bei yake ilikuwa karibu senti kumi za Marekani, na watu walioichangamkia mapema ndio walioiandikia zana huria za kuipakia. Sioni kilichowazuia wa kwetu wasiwe miongoni mwao ila kutojua kwamba wanakaribishwa.

Najua mashaka mtakayokuwa nayo, maana nimeyasikia tayari kwa baadhi yenu tulipozungumza.

La kwanza ni la wakati. Walezi wa programu huria ni watu wa kujitolea, wanaweza kukaa miezi kabla hawajaijibu kazi, na tarehe za KNEC au tathmini ya TVET CDACC hazimsubiri mtu. Ni kweli. Kwa hiyo alama zisitegemee kukubaliwa. Zitolewe kwa kazi iliyofanyika: maelezo ya chipu, msimbo, rekodi ya majaribio, na mazungumzo ya mwanafunzi na walezi kama yapo. Mfumo wa umahiri wa CDACC unadai ushahidi wa kazi uliokusanywa hatua kwa hatua, na historia ya git ni ushahidi wenye tarehe na saa ambao ni vigumu kuughushi.

La pili ni kwamba kuongeza mistari michache kwenye faili si mradi. Hapo nakubaliana nanyi nusu. Mwanafunzi wa cheti anayeongeza chipu moja ya ukoo unaojulikana amefanya kazi ya kiwango chake, mradi athibitishe. Wa diploma apewe chipu kadhaa, au programa mpya ambayo AVRDUDE haijaijua. Wa shahada apewe ukoo mzima au toleo jipya la kidhibiti cha kumbukumbu, na huyo naamini atatoa jasho kuliko mwenzake wa mlango wa kidole. Kupima ukubwa wa mradi ni kazi yenu na mnaijua kuliko mimi.

La tatu lilisemwa kwa sauti ya chini, nami nalijibu kwa heshima. Mwalimu mmoja aliniambia anaogopa kusimamia kazi ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuifanya. Mwalimu, hutakuwa peke yako. Walezi wa programu watausimamia msimbo; wewe usimamie mbinu, daftari la majaribio na uaminifu wa mwanafunzi. Mafundi wa mjini tutasimamia chipu. Na ukikaa na mwanafunzi wako mkajifunza UPDI pamoja, hakuna atakayekuona mdogo.

Kuna jambo ambalo vyuo vinaweza kulifanya bila kusubiri kikao cha seneti wala barua kutoka Nairobi. Fungueni maabara za kompyuta jioni kwa wanafunzi wenye miradi hii, zenye Linux na mtandao usiokatwa saa kumi na moja. Mnapoagiza vifaa vya maabara, pesa ya seti moja ya mafunzo ya kifahari inatosha kununua sanduku la chipu mchanganyiko, AVR mpya, STC, WCH, STM8, ili wanafunzi wasifungwe kwenye chipu moja ya kitabu. Wakuu wa idara mkubaliane miongoni mwenu, Kisii na Nyamira, mgawane koo za chipu ili wawili wasirudie kazi moja. Na mwanafunzi aliyemaliza aandike mwongozo wa Kiswahili wa alichokifanya, mfupi, wenye picha za nyaya, maana fundi wa Nyansiongo au Nyamache ambaye hakufika chuo naye ana bodi zilizopigwa na radi.

Neno kwa wanafunzi, ikiwa barua hii imewafikia kabla ya walimu wenu: usianze na ukoo mpya. Anza na chipu uliyonayo. Isome sahihi yake, itafute kwenye avrdude.conf, uone nani ameandika nini juu yake. Ukikuta kosa dogo, la ukubwa wa ukurasa au la fyuzi, lithibitishe mara nyingi kisha lipeleke. Walezi hupokea marekebisho madogo ya mgeni mwangalifu kwa furaha zaidi kuliko kazi kubwa isiyojaribiwa.

Kwa upande wangu, sikuja mikono mitupu. Nimeanza kuandika orodha ya chipu zinazoingia kwenye benchi langu zikiwa zimeungua, pamoja na kifaa zilimotoka, na chipu mbadala ninazozipata dukani ambazo zana zetu hazizijui. Mafundi wenzangu wa mjini na wa Keroka wamekubali kuongeza za kwao. Idara yoyote itakayoitaka orodha hiyo itapewa. Mwanafunzi atakayechagua chipu kutoka humo atapata kwangu chipu za kujaribia, bodi mbovu za kufanyia mazoezi, na kiti mbele ya benchi siku yoyote isipokuwa Jumamosi ya Sabato.

Mada za miradi ya mwaka ujao hazijapitishwa bado. Mtakapokaa kuzipitisha, wekeni hii iwe mojawapo, hata kama ni kwa mwanafunzi mmoja tu.

Wenu katika ufundi,

Fundi wa elektroniki,
Kisii mjini